Dirisha la mama lirudishiwe upepo

Ndugu zangu mnaojenga nyumbani, nina neno kuhusu madirisha.

Naishi Leipzig, Ujerumani, mwaka wa 9 huu. Dirisha la chumba changu lina vioo viwili, katikati yake gesi ya agoni, pembeni mpira unaobana hata pumzi haipiti. Kazi yake ni kuziba baridi na kutunza joto la hita. Kipupwe cha kwanza nilianika nguo ndani, nikapika, wiki nzima sikufungua. Mwezi haujaisha, kona ya nyuma ya kabati ikaota kuvu nyeusi. Bibi jirani ndiye aliyenifundisha: asubuhi na jioni lifungue lote kwa dakika 5 hivi, hata kukiwa na theluji, unyevu utoke. Kwa huku, dirisha lile lina thamani yake.

Sasa njoo Tanga. Nyumba ya mama ilikuwa na madirisha ya luva, vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukishusha kishikio, vioo vyote vinalala, dirisha zima linapitisha upepo. Mtoto akivunja kimoja kwa mpira, unachukua vipimo, fundi anakata kingine, unachomeka mwenyewe. Ni kweli luva zinapitisha vumbi, na bila nondo mwizi huchomoa kioo kimoja kimoja. Mwaka jana kaka aliziondoa zote, akaweka alminiamu ya kusukuma. Nyumba imependeza. Lakini dirisha la kusukuma, hata ulifikishe mwisho wa reli, linafunguka nusu tu. Nusu ya pili ni kioo juu ya kioo. La mama linatazama magharibi. Jua la alasiri linaingia lote, upepo nusu. Umeme ukikatika na feni ikazima, mama anabeba mkeka kwenda barazani, usiku, na magoti yake yale.

Hili linaniuma. Pwani yetu ina kaskazi na kusi, sisi tunalipa pesa nyingi kuzifungia nje! Ukitaka alminiamu, weka, ila mwambie fundi aitie bawaba ifunguke yote, na juu ya dirisha aweke kivuli cha kutosha.

Kaka amekubali. Desemba nikija tunaanza na chumba cha mama: nondo zibaki, wavu uwe na fremu yake ya kufungua. Fundi ameshapima, futi 4 kwa 4, mbao za mninga badala ya alminiamu, mabawa mawili yenye bawaba yanayofungukia nje.