Kupishanisha tabaka za oksidi: tatizo haliko kwenye pembe

Ukiweka chandarua kimoja juu ya kingine, kisha ukakizungusha kidogo kile cha juu, unajitokeza mchoro wenye miraba mikubwa kuliko matundu yenyewe. Atomi nazo hufanya hivyo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipishanisha tabaka mbili za grafini (kaboni yenye unene wa atomi moja) kwa takriban nyuzi 1.1, na katika baridi kali zikapitisha umeme bila ukinzani wowote. Haishangazi kwamba macho yaligeukia oksidi, yaani misombo ya metali na oksijeni, ambazo baadhi yake zina usumaku na sifa za umeme ambazo grafini haina.

Ila atomi za oksidi zimefungamana pande zote, na tabaka ikioteshwa juu ya fuwele hulazimika kufuata mpangilio wa fuwele hiyo. Kikwazo hiki kililegea mwaka 2016, pale kundi la mwanafizikia Harold Hwang wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilipotanguliza chini ya oksidi waliyoitaka tabaka nyingine ya strontiamu, alumini na oksijeni, inayoyeyuka majini. Maji yaliposhaiyeyusha, ulibaki utando mwembamba ulio huru, unaoweza kulazwa kwa pembe yoyote. Mwaka 2024 watafiti wa Hispania walionyesha faida yake: katika tabaka mbili za titanati ya bariamu (oksidi ya bariamu na titani) zilizopishanishwa, mielekeo ya chaji za umeme ilijipanga kwa mizunguko kama ya kimbunga, inayofuata mchoro unaotokana na pembe. Uoteshaji wa kawaida haukuwapa watafiti uhuru huo wa kuchagua pembe.

Wenye shaka, hata hivyo, wana hoja nzito. Uso wa oksidi una atomi ambazo hazijapata nyingine za kufungamana nazo, hivyo hunasa maji na mabaki ya plastiki inayotumika kuuhamishia utando, mbali na mikunjo na nyufa. Joto husaidia kuziunganisha tabaka, lakini laweza pia kuhamisha oksijeni. Tumeshaona mkanganyiko wa namna hii: tangu 2004, ilipogunduliwa kwamba mpaka wa oksidi mbili ambazo zenyewe hazipitishi umeme unaweza kuupitisha, wanasayansi walibishana kwa miaka mingi kama chanzo ni mpaka wenyewe au oksijeni iliyopotea.

Mimi naegemea upande wa matumaini, kwa sharti moja ambalo naliona la lazima: kila dai la sifa mpya liambatane na kipimo cha tabaka zilezile, zilizounganishwa kwa joto lilelile, kwa pembe sifuri, pamoja na picha ya hadubini ya elektroni inayoonyesha kwamba kati yake hakuna uchafu wala pengo.