Anza na Neno la Umeme: Lugha za Kigeni kwa Wasiosomea Lugha

Mwaka wa masomo ukianza, madarasa ya Kifaransa, Kijerumani, Kichina na Kiarabu katika vyuo vya Nairobi hujaa wanafunzi kutoka vitivo vyote: uhandisi, uuguzi, uhasibu, sheria. Kisha CAT, yaani mitihani midogo ya katikati ya semista, za yuniti zao kuu zinaanza kubana na viti vinabaki vitupu kimoja kimoja. Lawama zote humwangukia mwanafunzi, kwamba hana hamu na anatafuta mteremko. Sikubaliani kabisa na lawama hiyo. Tunamhubiria hamu tukitumaini uwezo utafuata, ilhali kwa mtu aliyekuja chuoni kusomea famasia, hamu huzaliwa na uwezo. Akiweza jambo dogo la fani yake kwa lugha hiyo ndani ya wiki tatu, wiki ya nne utamwona. Asipoweza, hotuba haitamrudisha.

Na hotuba yenyewe tunaijua. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko papa hapa Gigiri na lugha rasmi za umoja huo ni sita. Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira na uhamaji Septemba 2024. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mikataba ya Kinshasa huandikwa kwa Kifaransa. Yote hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba faida hizo ziko miaka mitatu au minne mbele, na CAT ya hesabu ni Alhamisi. Mtu mwenye akili timamu atasomea CAT.

Kwa hiyo kwanza tuseme ukweli kuhusu saa. Yuniti ya saa 3 kwa wiki, wiki 14, ni saa 42. Ngazi ya A1 ya Kifaransa, ile ya chini kabisa katika mfumo wa Ulaya, kwa kawaida hudai saa 60 hadi 100 za kufundishwa. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha hukadiria saa 900 hivi za darasani kwa Kijerumani, na 2,200 kwa Kichina au Kiarabu, hadi mtu aweze kuitumia lugha hiyo kazini. Anayemwahidi mwanafunzi kwamba atazungumza Kijerumani mwisho wa semista anampandia mbegu ya aibu. Kufikia wiki ya sita kijana anajilinganisha na ahadi ile, anajiona mjinga, anaondoka kimyakimya. Mwambie tangu siku ya kwanza: kwa saa hizi 42, pamoja na dakika 25 zako mwenyewe siku tano kwa wiki, utakuwa na saa 71. Zinatosha kufanya mambo manane madogo ya fani yako. Kisha yataje, yabandike ukutani.

Mambo hayo manane yatoke wapi? Hapa ndipo vitabu vya kawaida vinapotuangusha. Somo la tatu huwa ni familia yangu, la nne likizo yangu ufukweni. Ni mada nzuri kwa anayesomea lugha miaka minne. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme mpe herufi moja ya Kichina, 电, inayosomwa diàn. Maana yake umeme. Iongezee herufi ya kutiririka upate 电流, diànliú: mkondo wa umeme, kama tunavyosema kwa Kiswahili. Iongezee ya kubana upate 电压, diànyā, yaani volteji. Iongezee ya kuzuia upate 电阻, diànzǔ, ukinzani. Iongezee ya bwawa upate 电池, diànchí, betri, bwawa la umeme. Tanguliza herufi ya kusimama, 停电, tíngdiàn, na umesema stima imepotea. Na swichi? 开关, kāiguān, fungua-funga. Hilo ni somo la dakika 40. Anatoka nalo akiwa na maneno sita ambayo tayari anayajua kifizikia, na jioni akikutana na kibandiko cha inveta au chaja iliyotoka China anaona herufi anazozijua. Hicho ndicho kitu kinachomrudisha darasani. Sijaona hotuba yenye nguvu kama kibandiko unachoweza kukisoma.

Muuguzi mtarajiwa naye aanzie kando ya kitanda. Schmerzen ni maumivu kwa Kijerumani. Kopf ni kichwa, Bauch ni tumbo, Zahn ni jino; unganisha na tayari una Kopfschmerzen, Bauchschmerzen, Zahnschmerzen. Maswali matano yanatosha kwa mwezi wa kwanza: Wo tut es weh? Seit wann? Haben Sie Fieber? Nehmen Sie Medikamente? Sind Sie gegen etwas allergisch? Wapi panauma, tangu lini, una homa, unatumia dawa, kuna kitu kinakudhuru. Mwalimu asisitize Sie, namna ya heshima, tangu mwanzo. Kumwita mgonjwa mzee du, "wewe" ya marafiki, ni kukosa adabu, na mwanafunzi aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa mara mbili. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2, ngazi ya nne kati ya sita za mfumo ule wa Ulaya, na njia ya kufika huko ni ndefu, lakini mtu huvumilia njia ndefu akiwa ameshaonja kuuliza na kujibiwa.

Wa uhasibu na sheria wana hazina ambayo haitajwi darasani. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, umoja wa nchi 17 za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara na mfumo mmoja wa uhasibu. Kenya haimo. Kampuni ya Nairobi ikifungua tawi Lubumbashi, vitabu vyake vya hesabu vitafuata mfumo huo, kwa Kifaransa. Basi badala ya kuagiza kahawa Paris, mpe mwanafunzi karatasi moja ya mizania. Bilan ndiyo mizania yenyewe, actif ni upande wa mali, passif ni upande wa madeni na mtaji, facture ni ankara, TVA ni kodi ya ongezeko la thamani. Muundo anaujua tayari, kwa hiyo anakisia maneno asiyoyajua na anapatia. Ila hapa kuna mtego: Kiingereza chake kitamponza, kwa maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Actuellement ni "kwa sasa", location ni kukodisha, librairie ni duka la vitabu. Maneno ya namna hii yaorodheshwe mapema, kumi tu, kwa sababu yasipokamatwa wiki za mwanzo hukomaa na kukaa.

Nikija kwenye ratiba, saa tatu mfululizo Ijumaa jioni ni kupoteza nguvu. Baada ya dakika 90 kichwa kimejaa, na kuanzia Ijumaa hadi Ijumaa ni siku saba za kusahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba kusahau huenda kasi zaidi mwanzoni, saa na siku za kwanza. Gawa saa hizo tatu ziwe vipindi viwili vya dakika 90, Jumatatu na Alhamisi, kisha zile dakika 25 zijaze mapengo. Mtu anayekwama kwenye foleni ya Thika Road anazo tayari.

Kwa dakika hizo, kadi za manila bado zinanifurahisha kuliko programu yoyote ya simu. Karatasi ya A4 ikunjwe mara nne, ikatwe, upate kadi 16. Upande mmoja neno, upande wa pili sentensi nzima yenye neno hilo, maana neno likikaa peke yake halishiki. Tafuta bahasha tatu. Ya kwanza hupitiwa kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi ukiipatia inapanda bahasha moja. Ukikosea inarudi ya kwanza, hata kama ilikuwa ya tatu. Maneno mapya 8 kwa siku, siku tano, wiki 14, ni 560. Ukipoteza robo, 420 yanabaki. Wengi huharibu hapa kwa kuingiza maneno 30 kila siku tangu siku ya kwanza kwa sababu ari iko juu. Kufikia siku ya nne bahasha zina kadi 120 na mtu hataki hata kuziona.

Mtihani nao una uzito wake, kwa maana mwanafunzi husomea kile kitakachopimwa. CAT ikiwa ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, atakariri viambishi na hatafungua mdomo. Weka angalau nusu ya alama kwenye sauti: rekodi ya sekunde 60 kwa WhatsApp, akieleza kifaa, mgonjwa au ankara. Mhadhiri mwenye wanafunzi 40 anasikiliza zote kwa dakika 40, muda mfupi kuliko wa kusahihisha karatasi.

Na tuache kuwatisha watoto wa Kiswahili. Mtu anayepatanisha kitabu changu, meza yangu na maji yangu bila kufikiri ameshazoea ngeli nyingi. Jinsia mbili za Kifaransa au tatu za Kijerumani zisimtoe jasho. Aliyekulia kwenye Kikuyu au Kidholuo anabadili maana kwa kupandisha na kushusha sauti kila siku, na toni nne za Kichina ni ufundi uleule. Kiarabu kimejaa kinywani mwetu: kitabu, hesabu, wakati, sita, saba, tisa. Kikwazo chetu halisi kiko kwingine. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na hupenda silabi iishie kwa irabu. Ndiyo maana Kifaransa chetu hukazwa pasipo pake, na neno la Kijerumani Arzt, daktari, ambalo ni silabi moja tu, hugeuka kuwa mbili au tatu. Dakika tano za zoezi la mkazo na silabi mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha.

Kinachobaki ni likizo ndefu na miezi ya mafunzo kazini, ambapo kila kitu huyeyuka. Kundi la watu watano lililokubaliana kutumiana rekodi moja kila Jumapili jioni hulinda sehemu kubwa ya walichojifunza. Anayeweza kufika mjini, maktaba za Alliance Française na Goethe-Institut ziko jirani, Loita Street na Monrovia Street, na Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi ipo tangu 2005. Mhadhiri wa lugha naye, kabla ya semista kufunguliwa, aende ofisi ya idara ya uhandisi au uuguzi aombe maneno 40 ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kufanya kazi bila hayo. Ni mazungumzo ya nusu saa, na kutoka hapo somo la tatu linaweza kuandikwa upya.