Historia ya Mbweni Bila Watu wa Mbweni

Mgeni akifikishwa Mbweni huonyeshwa vitu vitatu: magofu ya skuli ya wasichana, kanisa la Mtakatifu Yohana, na nyumba ya zamani ya balozi John Kirk. Akiondoka anakuwa ameshika na majina matatu: Askofu Edward Steere, Kirk, na Bi Caroline Thackeray, mwalimu mkuu wa ile skuli. Hakuna ubaya kuyajua majina hayo. Lakini waliokijaza kijiji hiki ni mamia ya wanaume, wanawake na watoto walioteremshwa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na mpaka leo hatuna desturi ya kumtaja hata mmoja wao kwa jina. Mimi naona hilo ni deni letu sisi tunaoishi pande hizi, na muda wa kulilipa unayoyoma.

Kwa asiyepajua, Mbweni ipo pwani ya magharibi ya Unguja, kusini ya mji, ukishaipita Mazizini na kabla ya kufika Chukwani. Ukipanda gari ya 505, ile ya Uwanja wa Ndege, unateremka barabarani kisha unaingia ndani kuelekea pwani. Wengi wanaijua kwa karakana ya matrekta au kwa chuo cha afya. Zamani ilikuwa shamba. Siku hizi ni mtaa wa mjini kwa kila hali, ingawa wenyewe bado tunapenda kuiita kijiji.

Shamba hilo lilinunuliwa mwaka 1871 na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, wakati wa Askofu Tozer. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitia saini mkataba na Waingereza: soko la watumwa la mjini likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Biashara haikufa siku ile. Iliendelea kwa siri, usiku, kwa majahazi yaliyovuka kutoka bara kuja Unguja na zaidi kuja Pemba, ambako mikarafuu ilihitaji mikono. Ndiyo maana Waingereza waliiweka manowari yao London bandarini Unguja kuanzia 1874 hadi 1883, na mashua zake zilikuwa zikizunguka visiwa kukamata majahazi. Nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 akipambana na jahazi moja la namna hiyo. Kaburi lake liko kisiwa cha Chapwani. Unaona? Hata yeye tunajua alipolala.

Waliokutwa ndani ya majahazi walipelekwa kwa balozi wa Kiingereza, Kirk mwenyewe, aliyekuwa na mamlaka ya kihakimu juu ya mashauri hayo. Akishatoa hukumu walikuwa watu huru, lakini huru wa kwenda wapi? Kwao palikuwa mwendo wa miezi, njia zenyewe ndizo zile zile walizopitishwa wakiwa wamefungwa minyororo. Mtoto wa miaka sita aliyeibiwa karibu na Ziwa Nyasa hajui hata jina ambalo watu wa pwani wanaliita ziwa lao. Kwa hiyo waligawiwa. Baadhi walipelekwa kwa mapadri wa Kifaransa Bagamoyo, wengine Frere Town kule Mombasa baada ya 1875, wengine wakavushwa mpaka Natal, Afrika Kusini. Na wengine wakaletwa Mbweni.

Hapo ndipo kijiji kinapoanzia. Wayao, Wanyasa, Wamakua na watu wa makabila mengine ya ndani, ambao kila mmoja alikuja na lugha yake, walipewa sehemu za kujenga vibanda na kulima, na kazi za kibarua katika shamba la misheni. Hawakuwa na ukoo wa pamoja, wala mzee wa mji, wala kaburi la babu. Walikutana kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wao walijifunza wakiwa watu wazima, au njiani kwa kusikia maneno ya waliokuwa wakiwaswaga. Nikifikiria kijiji hiki, hili ndilo linalonishika zaidi ya majengo yote: watu wasiojuana, waliopotezana na wazazi wao, walikaa chini wakaanza kuwa majirani. Wakaoana. Wakazikana. Wakaleana watoto. Kazi hiyo ni nzito kuliko kujenga kanisa, na haina jiwe la msingi lenye tarehe.

Skuli ya wasichana, ya Mtakatifu Mariamu, ilijengwa miaka hiyo ya sabini ya karne ya kumi na tisa. Bi Thackeray alifika 1877 akaiongoza hadi 1902, na hakurudi kwao. Alikaa Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926, akazikwa pale kanisani. Namheshimu kwa hilo. Wasichana walifundishwa kusoma, kuandika na kushona, na walioonekana hawaelekei vitabu walipelekwa kwenye kazi za kufua na kupika. Wengine wakawa walimu, na misheni ilipendelea waolewe na vijana waliosoma Kiungani, skuli ya wavulana iliyokuwa njia hiyo hiyo ya kutokea mjini. Kutoka ndoa hizo na skuli hizo mbili walitoka walimu na makasisi walioenda kufanya kazi bara. Padri Cecil Majaliwa ni mmoja wao: Myao aliyefika Unguja akiwa mtoto aliyetolewa utumwani, akasoma Kiungani, na mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka na zaidi ya watu 50 wa Mbweni kuwarudisha upande wa Nyasa. Hawakufika huko. Waliishia Masasi, na Masasi ya kanisa ilianza na watu hao wa Unguja. Mwaka 1882 wapiganaji wa Kingoni, Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuondoka na mateka. Yaani mtu alitekwa utotoni, akavushwa bahari, akaokolewa, akapewa kiwanja Mbweni, akarudishwa bara, kisha akatekwa tena. Mwaka huo huo wa 1882 kanisa la Mbweni liliwekwa wakfu na Steere akafariki mjini. Vitabu vinavyoeleza Mbweni vinatoa nafasi kubwa kwa mambo mawili ya mwisho. Mimi ningeanza na la kwanza.

Chukua mfano wa Kirk. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, na pale Mbweni alipanda miti na maua ya kila namna kutoka pande nyingi za dunia. Jina lake limeingia mpaka msituni: kima punju wetu wa Jozani, katika vitabu vya kisayansi, anaitwa kwa jina la Kirk. Ninyi wasomaji wangu fikirieni jambo hilo taratibu. Kima wa Unguja ana jina la mtu wa Mbweni, lakini aliyechimba mashimo ya bustani ile, aliyeteka maji ya kumwagilia ile miche, hatumjui. Na wengi wao walipoteza hata majina waliyozaliwa nayo, kwa kuwa siku ya ubatizo walipewa mapya, ya mitume na ya Kizungu. Mama aliyelia kule Nyasa akimwita mwanawe alikuwa akiita jina ambalo Mbweni haikulisikia.

Kuna waliobahatika zaidi katika kumbukumbu. Wale waliopelekwa Natal kuanzia 1873, wengi wao Wamakua na Waislamu, waliwekwa Durban, sehemu inayoitwa Kings Rest. Serikali ya ubaguzi ikaja kuwahamishia Chatsworth. Pamoja na misukosuko yote hiyo wazao wao wanajulikana mpaka leo kwa jina la Wazanzibari, wanajua walikotoka na wanasimulia. Waliotupwa mbali na Unguja wameishika Unguja. Sisi tuliobaki na kijiji chenyewe, na udongo wake, tumeachia masimulizi yake yawe ya hoteli.

Najua kwa nini. Tusifichane: hapa kwetu mtu kuambiwa babu yake alikuwa mtumwa ni tusi. Watu wameachana, posa zimekataliwa, kwa neno hilo. Katika sensa za wakati wa ukoloni, ambazo ziliuliza kabila, watu walibadilisha majibu yao kutoka sensa moja hadi nyingine, kwa sababu kila mmoja alijua jibu lipi linampa heshima na lipi linamvunjia. Halafu zikaja siasa za miaka ya hamsini na sitini, historia ya utumwa ikageuzwa silaha ya kupigana, na baada ya hapo wazee wengi waliona usalama ni kunyamaza. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila nchini. Kwa amani ya nchi nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini kunyamaza kwa serikali kuhusu makabila hakutulazimishi familia kunyamaza kuhusu wazee wao. Aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa, kisha akaweza kujenga nyumba, kulea na kufa na heshima zake, ana sifa ya kutosha kwa mjukuu yeyote kujivunia, awe leo anaingia kanisani au msikitini. Mimi ni Mwislamu, na sioni kitu cha Kikristo pekee katika historia hii. Ni historia ya majirani zangu.

Sasa nieleze kwa nini nasema muda unayoyoma. Sensa ya 1958 iliikuta Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, ina watu 299,111. Ya 2022 imetukuta 1,889,773. Na ongezeko hilo halikugawanyika sawasawa, limemiminika upande wetu. Wilaya ya Magharibi, ambayo Mbweni ilikuwa ndani yake kabla haijagawanywa kuwa A na B, ilikuwa na watu 184,204 mwaka 2002. Miaka kumi tu baadaye walikuwa 370,645, zaidi ya mara mbili. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulikuwa na 893,169 mwaka 2022, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Ukisimama Mbweni huhitaji takwimu. Mikorosho na minazi imekuwa viwanja, viwanja vimekuwa kuta, na zile njia za miguu ambazo kinamama walipita kwenda kuokota chaza maji yakipwa, nyingine zinaishia kwenye geti.

Sina ugomvi na waliohamia. Mbweni tangu siku yake ya kwanza imejazwa na waja na maji, kwa hiyo aliyejenga juzi kutoka Wete au kutoka Tanga yuko sawasawa na desturi ya mahali. Ninacholalamikia ni kwamba anahamia mahali asipoambiwa habari zake. Anajua bei ya kiwanja, hajui kama chini ya msingi wake kulikuwa na makazi ya nani. Na mwenyeji naye anauza sehemu ya urithi, anahama kwenda Fuoni au Tunguu ambako ardhi ni rahisi, na akiondoka anaondoka na maneno ya bibi yake. Familia ikishatawanyika, nani atakumbuka kwamba pale palipo na duka la simu ndipo palikuwa na nyumba ya ukoo?

Mambo ya kufanya hayahitaji fedha nyingi. Nyaraka za ubalozi wa Kiingereza wa karne ile ziko pale Kilimani, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa. Si mbali, ni mwendo wa gari dakika chache kutoka Mbweni. Kumbukumbu za UMCA zimehifadhiwa Oxford, na siku hizi nakala za picha hutumwa kwa intaneti. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko vya makanisa ya kale ni hazina ya majina, na Dayosisi ya Zanzibar ikiombwa kwa adabu sidhani kama itakataa kusaidia. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za kuandikia kila mwaka. Nawaomba walimu wao wawalete Mbweni, wakae na wazee, mmoja mmoja, kwa ruhusa ya familia, waulize maswali madogo: bibi yako alizaliwa wapi, aliitwaje nyumbani, alipika nini, alizikwa upande gani, nani alikuwa jirani yake.

Na sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ambaye kila mgeni anayehamia lazima apite kwake kuandikishwa, anaweza kuwa na daftari la pili pembeni ya lile la serikali. Ndani yake ziandikwe familia zilizokuwapo kabla ya 1964, na vipando na visima vyao, kama watapenda kutajwa. Asiyependa aachwe na siri yake, hiyo ni haki yake.

Pale penye magofu ya skuli, ambapo wageni husimama kupiga picha, ningependa liwekwe bango la Kiswahili lenye majina ya wasichana waliosoma mle, yote yatakayopatikana, hata yakiwa ishirini tu. Kwa desturi yetu ya kuhesabiana kila miaka kumi, sensa ijayo ni 2032. Bibi aliye na miaka themanini leo, ambaye bibi yake huenda alifundishwa kushona na Bi Thackeray, tusimsubirishe mpaka siku hiyo.