Kuba la mbao pale Igombe: ubishi wa mjomba na binamu

Binamu yangu kasimamisha fremu ya kuba la mbao juu ya mwamba huko Igombe, Mwanza, lile la pembetatu pembetatu wanaloita jiodesiki, na tangu hapo nyumbani ubishi hauishi. Mjomba anasema litabomolewa na upepo wa ziwa, binamu anasema sisi ndo tumelala. Mi naona wote wanabishania kitu ambacho sio tatizo.

Kwenye nguvu mjomba hana hoja. Pembetatu haipindi, mraba ndo unalala, ndo maana hata kenchi ya kawaida inawekewa mbao za mshazari. Na sio kitu cha jana, Walther Bauersfeld alijenga moja Jena, Ujerumani, miaka ya 1920, Buckminster Fuller akapata hataza yake Marekani 1954. La binamu ni nusu tufe ya kipenyo cha mita 4.5, vipande 65 vya fito vya saizi mbili tu, 35 vya mita 1.39 na 30 vya mita 1.23, ncha zinakatwa kwa nyuzi 18 na 16 hivi. Kwa milima yetu, kama kule Mabatini ambako lori halipandi na kila tofali unamlipa mtu alibebe kichwani, fito hizo vijana wawili wanazipandisha asubuhi moja. Kipimo nacho kapiga vizuri, maana plaiwudi ya kufunikia ina upana wa mita 1.22 na kwa saizi hiyo kila shiti inatoa pembetatu mbili, angeenda kipenyo cha mita 6 hakuna hata moja ingetoka bila kuunga.

Ila ndani sasa. Kimo katikati ni mita 2.25, mtu wa mita 1.7 akisogea mita moja na nusu tu kutoka katikati anagonga kichwa, kwa hiyo bila ukuta wa chini wa kama mita moja hizo skwea mita 15 za sakafu nusu yake ni ya mbuzi. Na kabati utaegemeza wapi?

Ila hayo yote madogo, shida ni mvua. Pembetatu 40 maana yake maungio 55, ukiyapanga mstari mmoja yanapita mita 70, na kila ungio ni njia ya maji. Lloyd Kahn, Mmarekani aliyefundisha watu wengi kujenga makuba miaka ya 1970, mwenyewe baadaye aliyaacha, na kuvuja lilikuwa moja ya malalamiko yake. Binamu anajibu ataleta mafundi mitumbwi, wanajua kuziba kwa pamba. Kweli wanajua, ila mtumbwi unakaa majini, mbao inavimba inajibana yenyewe, paa linapigwa jua mchana kutwa mbao inasinyaa, jioni mvua inakuta ufa unaisubiri.

Mi ningelivika bati la vipande vinavyolaliana kama magamba ya sato, kuanzia chini kwenda juu, au turubai moja zima nikijua jua litalila baada ya miaka michache. Kwa banda la wageni au la kupumzikia nalikubali, kwa nyumba ya familia hapana.

Binamu kashanunua katoni ya silikoni ya kuzibia. Vuli inaanza Oktoba na hadi jana pembetatu ya juu ya mlango ilikuwa haijafunga, fundi alikosea sentimita moja kwenye fito kadhaa, kosa likazunguka kuba zima likaja kutokea pale.