Karatasi Tu?

Ingia hoteli nyingi hapa Mwanza uangalie picha za ukutani. Utakutana na Mlima Kilimanjaro, tembo wawili chini ya mgunga, na Mmasai kashika mkuki. Halafu fungua pazia. Nje kuna miamba ya Capri Point na ziwa la karibu kilomita za mraba 69,000, kubwa kuliko yote Afrika. Ukutani hakuna hata tone lake. Jambo hili linanikera siku nyingi, leo acha niliseme.

Nina jirani huku Isamilo anayechora mandhari kwa rangi za maji, na hiyo ndiyo kazi inayomlipia kodi ya nyumba, ikilipa. Wateja wakiona picha zake swali lao huwa moja: "Karatasi tu hii, kaka?" Wanaona rangi za watoto wa chekechea. Laiti wangesimama nyuma yake asubuhi moja pale ufukweni, wakamwona akiuchora Bismarck, ule mwamba uliosimama ndani ya ziwa.

Mwenye rangi ya mafuta akikosea hufunika kosa kwa rangi nyingine, kazi ikaendelea. Rangi ya maji haifuniki kitu, inapitisha mwanga. Weupe wote unaouona kwenye picha ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Ule mwamba una michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege, minandi na wenzao, na jirani yangu lazima aamue michirizi hiyo itakaa wapi kabla hajachovya brashi. Akishapita, imepita.

Anga ndiyo inayomtoa jasho. Analowesha karatasi, kisha anasubiri. Maji yakiacha kung'aa anaigusa kwa mgongo wa mkono: ikiwa bado ya baridi, anadondosha kijivu cha wingu na rangi inatambaa yenyewe. Akiwahi, wingu linasambaa hadi kupotea. Akichelewa, linabaki na kingo kali kama kipande cha bati. Sasa fikiria Julai na Agosti, jua na upepo wa ziwani vikishindana kuikausha karatasi, na watoto wamemzunguka wanauliza kama anaweza kuwachora na wao.

Vifaa navyo ni mtihani. Manila ya dukani ikilowa inajikunja, ukiisugua inatoa nyuzi. Anahitaji karatasi nzito ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba, na hiyo huletwa kutoka mbali kwa bei ya kutisha. Kinachonichekesha ni kwamba kinachoshika rangi hizo ni gundi ya mgunga. Migunga tunayo tele Shinyanga na Singida, lakini gundi tunarudishiwa ndani ya vitubu vidogo vya kutoka Ulaya.

Wengine waliithamini karatasi hiyo zamani. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, alilifikia ziwa hili hapa Mwanza mwaka 1858. Aliporudi safari ya pili, ya 1860 hadi 1863, alifuatana na James Augustus Grant, ambaye alichora kwa rangi za maji nchi walizopita. Michoro yake imetunzwa kwenye Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ya kwetu ya leo itatunzwa wapi, kama hata mapokezi ya hoteli haipati nafasi?

Na mambo yanabadilika upesi. Nyumba zinapanda milimani, mawe yanachomwa moto na kupasuliwa kuwa kokoto. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, na mimi nililishangilia kama kila mtu aliyewahi kukaa foleni ya kivuko. Lakini ile foleni yenyewe, na wauza karanga wake, nani aliichora? Msiniambie simu. Simu zetu zina picha elfu ambazo hakuna anayezifungua tena.

Najua jibu la wenye hoteli: mgeni anataka wanyama. Edward Saidi Tingatinga na wafuasi wake Dar es Salaam waliwauzia wageni picha za wanyama, na walijenga jina la haki. Siwapingi. Ila hoteli moja ilimwambia jirani yangu aongeze twiga kando ya Bismarck. Twiga, ndani ya maji! Alikataa, oda ikaenda kwa mwingine, na huyo twiga ninavyosikia bado anaogelea.

Basi wenye hoteli, na ninyi wenye ofisi zinazotazama ziwa, nunueni japo picha moja ya rangi za maji. Iwekeni ndani ya kioo, mbali na dirisha linalopigwa na jua, maana baadhi ya rangi nyekundu hufifia. Msipime bei kwa ukubwa wa karatasi. Na bei hiyo muulizeni mwenyewe. Nikiitaja hapa ataninunia mwezi mzima.