Neno lililokana unabii

Mwaka 1863 Robert FitzRoy, mkuu wa idara ndogo ya hali ya hewa ya serikali ya Uingereza, aliandika jambo ambalo hadi leo wengi wetu hatujalisikia vizuri. Alisema taarifa anazozitoa si unabii wala ubashiri. Ni maoni yanayopatikana kwa kuunganisha vipimo na kupiga hesabu kisayansi, na jina linalozifaa ni 'forecast'. Sisi tukalipokea neno hilo tukaliita utabiri. Yaani tumempa FitzRoy kanzu ileile aliyoivua hadharani.

Simlaumu mfasiri wa kwanza. Waingereza wenyewe walikuwa wamekwisha kumvisha kanzu hiyo kabla yetu. Ila kila mvua iliyotangazwa inapokosa kunyesha, na kila inaponyesha bila kutangazwa, nasikia lawama ileile kwamba watabiri ni waongo, na najiuliza ni ahadi gani hasa waliyoivunja. Wapo wanaonijibu kwamba neno lenyewe ni ujanja, kichaka cha kujifichia mtu asiyetaka kuulizwa alichokosea. Jibu hilo lina uzito, na nitalirudia.

Kwanza neno lenyewe. 'Cast' liliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia wa kale, maana yake kutupa. Baadaye likabeba maana ya kujumlisha na kukokotoa: mtu 'alitupa' hesabu zake. Mnajimu naye 'alitupa' nyota ya mtoto aliyezaliwa. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana kitenzi chetu kimoja kinafanya kazi hizo zote: tunapiga hesabu, tunapiga ramli, tunapiga bao, na hakuna anayedhani mhasibu na mganga wanakaa ofisi moja. Likiongezewa kipande cha 'fore', yaani 'kabla', katika karne ya 14, neno likawa na maana ya kupanga mambo mapema, mara nyingi kwa hila. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia hivyo katika Danieli 11:24, kwa mfalme anayepanga mbinu zake dhidi ya ngome. Mfalme yule haoni kesho, anaipangia.

Ndiyo maana naona FitzRoy aliokota neno kwa makini. Alikuwa baharia, nahodha wa ile meli Beagle iliyomzungusha Charles Darwin duniani, na kilichomsukuma ni vifo. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859 meli Royal Charter, iliyotoka Melbourne kwenda Liverpool na abiria wengi waliorudi na dhahabu yao, ilivunjika kwenye miamba ya Anglesey, Wales. Walikufa watu wapatao 450, hatua chache kutoka nchi kavu. Telegrafu wakati huo ilikuwa imeshafika. Dhoruba ilikwenda kasi, lakini habari zake zingeweza kuitangulia. Mwezi Februari 1861 FitzRoy akaanza kutuma ilani za dhoruba bandarini, ambako walipandisha alama za umbo la pia na la ngoma kwenye milingoti ili mabaharia wazione kwa mbali.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo gazeti la The Times likachapisha taarifa yake ya kwanza kwa umma. Ilikuwa mistari michache: kaskazini, upepo wa wastani wa magharibi, hali nzuri; magharibi, upepo wa wastani wa kusini-magharibi, hali nzuri; kusini, upepo wenye nguvu kidogo wa magharibi, hali nzuri. Basi. Lakini tazama kichwa chake: hali ya hewa ya jumla iliyo *yamkini* kwa siku mbili zijazo. Yamkini limekaa pale juu kabisa, mlangoni, kama mtu anayepiga hodi kabla ya kuingia. Ukilitoa, zinabaki amri tatu kwa mbingu.

Na umma ulilitoa. Mwaka 1854, mbunge mmoja aliposema kwamba huenda siku moja London ikajua hali yake ya hewa saa 24 kabla, Bunge zima liliangua kicheko. Miaka saba baadaye watu wakaacha kucheka, wakaanza kudai: atuambie kuhusu harusi, kuhusu mavuno, kuhusu mashindano ya farasi. Alipopatia hawakushangaa, na alipokosea walimzomea. The Times lenyewe, lililokuwa likichapisha taarifa hizo, likafika mahali pa kuwaomba wasomaji wasilibebeshe lawama za makosa ya FitzRoy. FitzRoy alijiua tarehe 30 Aprili 1865. Sitadai kwamba neno moja lilimuua. Alikuwa na madeni, afya mbovu na huzuni za muda mrefu. Lakini zomeazomea hiyo ilikuwa sehemu ya miaka yake ya mwisho.

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Mwaka 1866 kamati iliyokuwa na mwanasayansi Francis Galton ilipekua kazi ya idara hiyo, ikauliza swali ambalo hata leo ni haki kuuliza: kanuni ziko wapi? FitzRoy alikuwa na jicho la baharia na uzoefu wa miaka, lakini hakuacha utaratibu ulioandikwa ambao mtu mwingine angeufuata akafika alikofika yeye. Kama taarifa ni maoni tu, na maoni yanaweza kukosea bila kosa, basi hakuna siku utakayomshika. Taarifa za kila siku zikasimamishwa, na ilani za dhoruba nazo. Za dhoruba zilirudi mwaka uliofuata, kwa sababu watu wa bandarini walizidai. Za umma zilirudi mwaka 1879. (Galton mwenyewe, mkosoaji, ndiye aliyechora ramani ya hali ya hewa iliyochapishwa na The Times Aprili 1875.)

Shtaka la kamati lilikuwa sahihi kwa zama zake. Ninachokataa ni kuliendeleza leo, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 1950 Mmarekani Glenn Brier alitoa njia ya kumpa maksi mtoa taarifa za aina hii. Kiini chake hakihitaji shahada. Chukua siku mia moja ambazo uliambiwa mvua ina uwezekano wa asilimia 30. Hesabu siku ilizonyesha. Zikiwa karibu na 30, mtu huyo anajua kazi yake. Zikiwa 70, anakudanganya. Zikiwa 5, anakudanganya pia. Siku moja haimhukumu, mia zinamhukumu. Mganga wa ramli hawezi kukubali mtihani huu, na tofauti yake na mtu wa hali ya hewa iko hapohapo.

Wamarekani nao walihangaika na jina. Cleveland Abbe, aliyeanza kutoa taarifa mjini Cincinnati mwaka 1869 kisha akachukuliwa na serikali, aliziita kwa neno lenye maana ya 'yamkini' kwa wingi, hata watu wakambandika jina la utani la Mzee Yamkini. Mwaka 1876 wakabadili wakaziita dalili. Ni mwaka 1889 tu walipokubali neno la FitzRoy. Kwa miaka 20 walikuwa na majina mawili yaliyosema ukweli waziwazi kuliko hilo walilokaa nalo. Nadhani walichoka. Wasomaji hawataki kuuza maziwa na kukodi gari la harusi kwa 'dalili'.

Hiyo asilimia 30 hainitoki kichwani. Wamarekani walianza kuitangaza rasmi kwa umma katikati ya miaka ya 1960, na ungedhani tarakimu ingemaliza ubishi. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti. Waliwauliza watu wa New York, Amsterdam, Berlin, Milan na Athens maana ya kauli kwamba kesho kuna asilimia 30 ya mvua. Ni New York peke yake ambako wengi walijibu ipasavyo: katika siku zinazofanana na kesho, tatu kati ya kumi hunyesha. Huko Ulaya wengi walisema mvua itanyesha kwa asilimia 30 ya muda, au kwenye asilimia 30 ya eneo. Hawa ni watu wa miji yenye vyuo vikuu vikubwa. Wanaisoma tarakimu hiyo kila asubuhi kwenye simu, wanachukua mwavuli au hawachukui, na kila mmoja ana asilimia 30 yake. Wenye kosa si wao peke yao, kwa sababu tarakimu ilitumwa bila kuambiwa asilimia 30 *ya nini*. Huwezi kumpimia mtu nusu ya kitu usichokitaja.

Wataalamu wa matetemeko ya ardhi wameuchora mpaka kwa ukali zaidi. Shirika la Jiolojia la Marekani linasema wazi kwamba hakuna mwanasayansi aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa, kwa maana ya kutaja siku, mahali na ukubwa. Wanachotoa ni uwezekano kwa miaka kadhaa ijayo, na hicho ndicho wanachokiita 'forecast'. Italia walijua gharama ya mpaka huo kufifia. Tetemeko la L'Aquila la tarehe 6 Aprili 2009 liliua watu zaidi ya 300. Mwaka 2012 wanasayansi sita na afisa mmoja walihukumiwa kifungo cha miaka sita. Mwaka 2014 wanasayansi wakafutiwa hatia katika rufaa, na afisa akapunguziwa adhabu. Dunia ilisimulia kwamba walifungwa kwa kushindwa kutabiri, lakini shtaka lilihusu namna walivyoipima hatari na walivyowaambia wananchi. Watu walikuwa wametulizwa.

Nyumbani nako neno letu lina safari yake, tena si ya aibu. Tabiri limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni kufasiri ndoto. Katika Sura ya Yusuf mfalme anawauliza wakuu wake kama wanaweza kuiagua ndoto yake, na kitenzi kilichotumika ni cha mzizi huohuo. Yusuf anafanya nini? Anasoma kilichokwisha kuonekana, ng'ombe wanono na waliokonda, kisha papo hapo anapanga: limeni miaka saba, wekeni akiba. Kufasiri dalili na kupanga mapema. Kwa hiyo mizizi ya maneno haya mawili, letu na la Waingereza, inakaribiana kuliko matawi yake. Sisi wasemaji ndio tuliolisogeza utabiri likawa la wanajimu, hata likatosha kwa mnajimu marehemu Sheikh Yahya Hussein magazetini na kwa mtaalamu wa satelaiti katika taarifa ya saa mbili usiku. (Bashiri liliponea chupuchupu. Lilikuja likiwa habari njema, sasa linaishi kwenye mikeka ya kamari ya mpira.)

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapozungumzia msimu mzima hutumia 'mwelekeo': mwelekeo wa Vuli, mwelekeo wa Masika, na mvua za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Hilo ni neno zuri. Mwelekeo unaweza kubadilika na hakuna aliyeapa. Lakini Aprili 2021, kimbunga Jobo kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu kisha kikafifia baharini kabla ya kutua na nguvu zake, sikusikia mtu akisema mwelekeo umebadilika. Nilisikia vichekesho. Ilani ilikuwa sahihi kwa kilichojulikana siku ile, na kufifia kulikuwa bahati yetu.

Mpinzani wangu atasema: haya yote ni ya watu wenye mishahara. Mvuvi hawezi kwenda baharini kwa asilimia 30. Ama ngalawa imetoka ama imelala mchangani. Yamkini yako inamhamishia yeye mzigo wa kuamua, na akikosea hasara ni yake. Kweli tupu. Ila ukimpa ndiyo au hapana ya uongo hujamwondolea mzigo huo. Umemfumba macho akiwa ameubeba.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kumfumba mtu. Nilipokuwa nasoma habari kwenye redio moja ndogo, hali ya hewa ilikuwa na sekunde 40 za mwisho, na muda ulipobana nilikata maneno kwa kalamu. Siku hiyo karatasi ilisema mvua inatarajiwa katika maeneo machache ya ukanda wa pwani. Nikasoma: mvua inatarajiwa katika ukanda wa pwani. Jua liliwaka kutwa. Jumamosi yake nikawa Kunduchi, na mama mmoja anayechemsha na kuanika dagaa akanitambua kwa sauti.

"Wewe si ndiye uliyesema mvua?"

Nikamwambia ndiye. Asubuhi ile alikuwa amenunua ndoo sita. Hakuanika hata mmoja; aliwauza wabichi kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, vichanja vyake vikabaki vitupu juani. Nikamweleza kuhusu maneno mawili niliyoyakata. Akayarudia taratibu, maeneo machache, akavitazama vichanja.

"Sasa si ungesema, mwanangu. Ningeanika ndoo tatu."