Kistari Kimoja Kilichomaliza Bando la Siku

Kijana mmoja ninayemfundisha jioni hapa Majengo, Moshi, alipambana kwa saa mbili na amri ya mstari mmoja. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye mwongozo wa programu huria bila kubadilisha chochote, akaibandika kwenye dirisha la amri, na Git, programu ya kupakua na kutunza msimbo, ikamjibu kwamba ghala la msimbo analoliomba halipo. Akashuku mtandao. Akaizima simu iliyokuwa ikimpa intaneti, akaiwasha tena. Akaifuta Git na kuipakua upya, bando la siku likaishia hapo. Aliponiita, “Mwalimu, mbona inakataa?”, nami sikuliona kosa mpaka tulipoyakuza maandishi kwenye skrini. Mbele ya neno recursive palipaswa kuwa na vistari viwili vifupi, lakini programu aliyoandikia mwenye mwongozo ilikuwa imeviunganisha kuwa kistari kimoja kirefu, kama inavyofanya mtu anapoandika barua. Git haikukitambua tena kuwa ni chaguo la amri. Ikadhani neno lile ndilo jina la ghala, ikalitafuta, ikalikosa.

Wapo wenzangu katika fani hii ya kompyuta wanaoamini kwamba kusahihisha tahajia na alama katika nyaraka ni kazi ya mtu asiyeweza kuandika msimbo. Sikubaliani nao hata kidogo. Huo ni mchango kamili, na sisi ambao Kiingereza ni lugha yetu ya pili, au ya tatu baada ya Kichaga na Kiswahili, tuna sababu kubwa zaidi ya kuutoa. Msomaji aliyekulia ndani ya Kiingereza akikuta herufi mbili zimepishana, jicho lake huzipanga lenyewe naye akaendelea na safari. Kijana wa Majengo hana namna ya kujua iwapo neno lililo mbele yake ni kosa au ni istilahi ambayo kila mtu anaifahamu isipokuwa yeye. Hulitafuta kwenye kamusi, halimo. Hulitafuta mtandaoni, akapata kurasa nyingine zilizonakili kosa lilelile. Mwishowe hujilaumu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa nimeshuhudia wanafunzi wazuri wakifunga kompyuta na kuamua kwamba fani hii haikuumbiwa watu kama wao.

Hata hivyo, anayesahihisha anapaswa kujua anachokigusa. Yapo makosa ambayo yamekwisha kuwa sheria. Mwaka 1996, hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 1945, inayoeleza toleo la 1.0 la HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ilichapishwa ikiwa na kichwa, yaani mstari wa taarifa unaotumwa pamoja na ombi la ukurasa, kiitwacho Referer, ambacho huiambia seva msomaji ametokea ukurasa gani, na jina hilo lina upungufu wa herufi r moja. Hadi leo seva na vivinjari vya dunia nzima vinalitumia hivyohivyo, na mwenye huruma atakayeiongeza r hiyo katika mfano wa msimbo atakuwa ameuharibu mfano. Tahajia ya Uingereza nayo si kosa kwa sababu tu mradi mwingine unafuata ya Marekani. Msahihishaji huangalia kwanza mradi wenyewe umechagua ipi.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Katika programu zinazotafsiriwa kwa gettext, mfumo wa kutafsiri maneno ambayo programu humwonyesha mtumiaji, sentensi ya asili, ambayo mara nyingi huwa ya Kiingereza, ndiyo ufunguo wa kuipatia tafsiri yake. Ukibadilisha herufi moja katika sentensi hiyo, ufunguo umebadilika, hivyo tafsiri za lugha zote, Kiswahili kikiwamo, huwekewa alama ya shaka, na kwa kawaida hazitumiki mpaka mfasiri wa kila lugha azipitie na kuziidhinisha upya. Mtumiaji hukuta sentensi imerudi Kiingereza bila kuelezwa sababu. Sisemi kosa liachwe. Ninachosema ni kwamba anayelirekebisha awaze pia juu ya wafasiri, ambao kwa lugha kama yetu pengine ni wawili au watatu wanaofanya kazi usiku baada ya ajira zao, na makosa ya namna hiyo ayakusanye yaende kwa mkupuo mmoja, mapema kabla toleo jipya halijakaribia kutoka.

Kuhusu wanaosahihisha kwa tamaa ya zawadi, mwaka 2020 ulitosha kutufundisha. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhimiza watu kuchangia programu huria, iliahidi fulana kwa michango minne, watunzaji wa miradi wakafurikiwa na mabadiliko yasiyo na maana, na waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza ili ihesabiwe miradi iliyokubali kushiriki tu. Watunzaji wengi wanajitolea, na kila ombi la mabadiliko wanalolifungua linakula muda wao.

Kwa kistari chetu tulifanya hivi. Hatukuishia kwenye mstari uliomkwamisha kijana. Tulikipekua kistari kile katika mwongozo mzima, tukakikuta mahali pengine patatu, tukaviweka vyote katika ombi moja. Katika maelezo hatukuandika tu kwamba tumerekebisha kosa, bali tuliandika amri iliyokataa, jibu ambalo Git ilitoa, na sababu yake, ili mtunzaji aweze kulihakiki kwa dakika moja. Kijana alitaka kuanza kwa kuomba radhi kwa Kiingereza chake. Nilimwambia aifute sentensi hiyo, akaifuta.

Siku ya nne ombi likapokelewa na kuunganishwa, pamoja na neno fupi la shukrani. Sasa ameanza kuusoma mwongozo uleule kutoka ukurasa wa kwanza, daftari likiwa pembeni, akiandika kila neno lisilomo kwenye kamusi, na mbele ya kila moja ameacha nafasi ya kujaza kama ni kosa au ni istilahi.